Namna ya Kushindwa kwa Heshima Kuzunguka Texel

Hutashinda. Tulimalize hilo mapema tupate nafasi ya kuzungumza mambo ya maana. Wanaoshinda mbio za katamarani za kuzunguka kisiwa cha Texel, kaskazini mwa Uholanzi, ni kikundi kidogo cha watu wenye migongo ya chuma, wengine wamekwishapita Olimpiki, na wote wanajuana kwa majina. Wewe una jaketi la kuazima na tembe za kuzuia kichefuchefu. Lakini kati ya mshindi na yule aliyerudishwa pwani akivutwa na boti la uokoaji pana nafasi kubwa mno, imewahi kutosha mamia ya vyombo kwa siku moja, na hapo ndipo penye ufundi. Mshindi hana la kueleza. Kashinda, kapewa kikombe, basi. Aliyefika wa mia na sabini ndiye mwenye kazi ya kueleza, na mwongozo huu ni wake: namna ya kuzunguka kilomita 100 hivi za maji, ufike nyuma, na jioni watu waache kula wakusikilize.

Anza kwa kuujua uwanja, kwa sababu kisingizio chochote kizuri kina jiografia ndani yake. Texel ni kikubwa kuliko vyote katika safu ya visiwa vya Wadden vya Uholanzi. Magharibi yake ni Bahari ya Kaskazini, wazi, mawimbi yakivunjika juu ya mchanga. Mashariki ni Bahari ya Wadden, ambayo maji yakipwa huwa nusu bahari nusu tope. Kusini, kati ya kisiwa na mji wa Den Helder, ni mlango wa Marsdiep, ambamo maji ya kujaa na kupwa hupita kwa haraka isiyo na adabu. Mbio zilianza mwaka 1978, msimu wake ni Juni, na hutajwa kuwa mbio kubwa kuliko zote za katamarani duniani. Mnaondokea ufuko wa magharibi na kurudia papo hapo, mahali panapoitwa Paal 17. Usitafute mji wa jina hilo. Ni nguzo. Waholanzi wamepanga nguzo zenye namba ufukoni, kilomita kwa kilomita, na hiyo ni namba kumi na saba.

Sasa chombo. Mtu aliyekulia Nungwi au Shela asitishike na katamarani. Ngalawa ina mtumbwi mmoja katikati na mirengu ubavuni ya kuuzuia usipinduke. Katamarani imeufuta mtumbwi wa katikati, ikainenepesha mirengu mpaka ikawa ndiyo chombo chenyewe, na palipobaki wazi ikatandika wavu wa kukalia. Kilichopatikana ni kitu chepesi, chenye tanga kubwa kupita akili, kisicho na ngama, kisicho na kivuli, kisicho na pa kuweka chupa ya chai. Habari njema ni kwamba huna haja ya kukumba maji yaliyoingia ndani, maana hakuna ndani.

Ufukoni utakuta ukoo mzima. Ipo Hobie 16, kazi ya Hobie Alter, mtengeneza mbao za kuteleza mawimbini wa California, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mitumbwi yake imepinda ili iweze kuingia na kutoka ufukoni bila kuhitaji mapezi ya chini. Ipo Tornado, iliyokuwa ya Olimpiki kuanzia 1976 hadi 2008, na Dart 18, iliyochorwa na Rodney March, Mwingereza yuleyule aliyeichora Tornado. Zipo F18, ambazo kwa kanuni hazipungui kilo 180, na wenye miili myepesi hutakiwa kutumia matanga ya mbele yaliyo madogo zaidi, kwa hiyo usishangae kuona vijana wawili wenye afya wakibishana juu ya kifungua kinywa kwa lugha ya wahasibu. Halafu ipo Nacra 17, ya Olimpiki tangu Rio mwaka 2016, yenye mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, ambayo siku hizi huinuka juu ya mabawa yake ikaacha maji kabisa na kukupita huku ukiitazama kwa chini.

Mgeni hutamani chombo kipya chenye kung'aa. Amwombe Mungu amwondolee tamaa hiyo. Kwa kuwa vyombo hivi haviwezi kushindana kwa haki, Waholanzi walifanya wanachofanya Waholanzi: walitunga hesabu. Inaitwa Texel Rating. Inachukua urefu wa chombo, uzito wake na ukubwa wa matanga yake, inavikoroga, inatoa namba. Namba ndogo ni chombo cha kasi. Namba kubwa ni chombo cha kuhurumiwa. Ukifika, muda wako unazidishwa kwa 100 kisha unagawanywa kwa namba yako. Tuseme tajiri mmoja ana chombo cha namba 100 na kamaliza kwa saa 4 kamili. Wewe una gofu lako la namba 120, umemaliza kwa saa 4 na dakika 42, na unapoburuta mguu kutoka majini yeye keshaoga, kabadili nguo, yumo kwenye bia ya pili. Dakika zako 282 zidisha kwa 100, gawanya kwa 120: dakika 235, yaani saa 3 na dakika 55. Umemshinda kwa dakika tano, naye hana habari.

Uzuri wa mambo haya ni kwamba hakuna binadamu awezaye kuipiga hesabu hiyo kichwani akiwa na chumvi machoni. Kwa hiyo, tangu unapofika mpaka matokeo yanapotoka, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hukushinda. Utumie vizuri muda huo. Pita karibu na meza ya wenye namba ndogo, chombo chako kizee kikionekana nyuma yako, ukune kidevu na useme, "Kwenye kipimo tutaona." Tatizo moja tu: kipimo kinajua urefu, uzito na matanga, lakini hakina kisanduku cha kuandika kwamba nahodha alikosea njia.

Kuchagua mwenzi kumeharibu watu wengi kuliko mawimbi. Vyombo vingi hapa ni vya wawili: mmoja nyuma mwenye usukani, mmoja mbele mwenye kamba zote na lawama zote. Upepo ukishika mtafunga mikanda ya kiunoni, mtajitundika kwenye trapezi, ile waya inayoshuka kutoka juu ya mlingoti, na mtasimama wote wawili ukingoni, miili nje juu ya maji, ili uzito wenu uzuie chombo kisilale. Mabaharia wa mashua za mashindano za Lamu hufanya kazi hiyohiyo juu ya ubao uliochomozwa upande wa joshini. Tofauti ni kwamba ubao una nafasi. Hapa mtagusana mapaja kwa saa tano.

Kwa hiyo mkwe hafai. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyelelewa. Mume na mke waende wakitaka, lakini kwanza wakubaliane watoto watakaa na nani. Shemeji anaonekana anafaa, na ndiye mtego wenyewe, maana heshima ina mwendo wake na upepo una wake:

"Shemeji, samahani, ungeilegeza kidogo ile kamba."

"Ipi, shemeji?"

"Hiyo ya buluu, shemeji, kama hutojali."

"Hii ya buluu tupu, au hii ya buluu yenye madoa meupe, shemeji?"

Hapo chombo kimeshalala ubavu na nyote wawili mmo majini, bado mnaombana radhi. Ninayempendekeza mimi ni mtani, au binamu mwenye ulimi. Mtani ukimwambia, "Legeza kamba, kichwa maji wewe!" atalegeza kwanza, atatukana baadaye, na jioni mtakula sahani moja hakuna aliyenuna. Utani uliwekwa kwa kazi kama hii, hata kama wazee hawakuwahi kuiona Bahari ya Kaskazini.

Mavazi tuyapite haraka. Maji ya Juni huko huwa na nyuzijoto 15 hivi, yaani baridi inayomfanya mtu wa Mombasa asahau jina la mama yake. Vaa suti ya mpira au ile kavu inayobana shingo na mikono, na juu yake jaketi la kuokolea. Chukua dira, filimbi, fataki za kuomba msaada, simu ndani ya mfuko usioingia maji, na kisu. Kisu si cha urembo: mtu aliyenaswa chini ya wavu hana muda wa kufungua fundo. Ndizi utakayoichomeka mkandani itafika Den Helder ikiwa uji. Ile hivyo hivyo.

Kutoka ufukoni ndipo watazamaji wanapojipanga, na wana sababu. Mawimbi huvunjika safu kwa safu juu ya mafungu ya mchanga yaliyolala sambamba na pwani. Chombo kimeshikwa omo likitazama upepo, tanga linapigapiga kwa kelele hata hamsikilizani. Sukani zote mbili zimekunjwa juu, kwa sababu zikigusa mchanga zitavunjika. Mtani wako kasimama majini, maji yamemfika kifuani, kaushika mtumbwi mmoja kwa mikono yote miwili, na kila wimbi likija anainuliwa nalo na kurudishwa chini. Wewe uko nyuma unahesabu mawimbi. Unasema, "Sasa!" Akiruka mapema, uzito wake unazamisha omo. Akichelewa, chombo kinaondoka na wewe peke yako, naye anabaki akipunga mkono.

Tuseme karuka vizuri. Sasa inabidi uzishushe sukani. Unalala kifudifudi ukingoni mwa wavu, kichwa kinaning'inia nyuma ya tezi, mkono umezama mpaka kwapani, unaupiga usukani ngumi mpaka ujifunge. Mkono wa pili umeshika kamba ya tanga usiyoiona. Umeshafunga mmoja. Wa pili unagoma. Unasikia mtani anasema neno moja tu, jina lako, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia. Hilo ni wimbi la pili. Chombo kilichoelekeza omo lake wimbini hupanda na kushuka upande wa pili. Chombo kilichokosa usukani kikageuka ubavu hubebwa, hurudishwa, na hulazwa taratibu miguuni pa mzee anayekula chipsi na mayonezi. Yeye hatasema kitu. Atasogeza kiti.

Mkifanikiwa kutoka, kaeni mbali na mstari wa kuanzia mpaka wakubwa wamekwisha kukwaruzana. Hili nalisema kwa uzito. Hakuna dakika utakayoipata pale mbele ambayo hutaipoteza mara kumi kwa kugongwa na mtu anayejua sheria kuliko wewe.

Ikiwa waandaaji wamewapeleka kaskazini, mtakuwa na kilomita kadhaa za ufuko upande wenu wa kulia, na hapo, upepo ukiwa wa nyuma kwa pembeni, mtapandisha spinaka, lile tanga la mbele lenye tumbo. Kuanzia hapo mtajua maana ya kasi. Kujistarehesha ni hatari. Katamarani haipinduki ubavu tu. Ikipenda hupiga mwereka kwa mbele. Omo la mtumbwi wa demani huchoma mgongo wa wimbi, linazama, mtumbwi unasimama ghafla ilhali tanga halikuambiwa kwamba tunasimama. Tezi linainuka. Nyinyi mlioning'inia kwenye waya mnafyatuka kwenda mbele, mnaupita mlingoti, na kwa nukta moja mnakiangalia chombo chenu kutoka mahali ambapo hampaswi kuwapo. Dawa yake ni kusimama nyuma kabisa, miguu ikibanana, na kulegeza kamba mapema. Wote wanaijua. Wote hupinduka.

Mkishapinduka, msikiachie chombo hata kwa sababu ya kuokoa kofia. Upepo hukisukuma haraka kuliko mtu anavyoogelea, na watu wengi wazuri wamebaki wakikifuata kwa macho. Ogeleeni mkigeuze mpaka omo lielekee upepo, pandeni juu ya mtumbwi ulio chini, shikeni kamba ya kuinulia, mjirudishe nyuma nyote wawili mpaka migongo iguse maji, na msubiri. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu upepo unaingia chini ya tanga na mlingoti unaanza kupanda, polepole kwanza kisha kwa ghadhabu, na mtumbwi wa juu unashuka ukielekea vichwani mwenu. Upisheni, kisha shikeni chochote. Kama imeshindikana kabisa, lipo KNRM, shirika la uokoaji baharini la Uholanzi, lililoanzishwa mwaka 1824 na linaloendeshwa zaidi na watu wa kujitolea. Watakuja kwa upole, watakuvuta kwa upole, nawe hutaweza kujitetea, kwani hakuna kisingizio kinachosikika vizuri ukiwa umefunikwa blanketi.

Ncha ya kaskazini ina mnara wa taa mwekundu, wa Eierland, uliojengwa 1864. Utauona mapema, na hautakaribia kwa muda mrefu sana. Una nafasi ya kuujua. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1945, askari wa Kigeorgia waliokuwa wakitumikishwa katika jeshi la Ujerumani kisiwani hapa waliasi, na mapigano yaliendelea hata baada ya Ujerumani kusalimu amri Uholanzi, mpaka wanajeshi wa Kanada walipofika tarehe 20 Mei. Mnara uliharibiwa vibaya, na ukuta unaouona leo umejengwa kuuzunguka ule wa zamani. Jambo jingine, ambalo wenye kutafuta pa kuegemeza lawama wanapaswa kulishika: Eierland kilikuwa kisiwa peke yake. Mwaka 1630 hivi Waholanzi walijenga tuta la mchanga wakakiunganisha na Texel. Wasingefanya hivyo, huenda ungekata hapo katikati ukawa nyumbani mapema. Hao ndio watu wa kwanza wa kuwalaumu, na wamekufa zamani, hawawezi kujibu.

Baada ya mnara unaingia upande wa Wadden, na bahari inabadilika tabia. Mawimbi yanakwisha, upepo unakuwa laini, kondoo wanatokea juu ya tuta wakila majani na kuwatazama. Wasikudanganye. Hapa kina ndicho adui. Bahari hii, ambayo sehemu zake za Uholanzi na Ujerumani ziliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2009, ina mifereji ya maji na mafungu ya mchanga yanayohamahama, na mkishapitwa na wakati wa maji kujaa mtajua mafungu yalipo yote kwa kuyagusa. Inueni mapezi nusu. Chombo kinachokwenda kasi kikilishika fungu kwa pezi kinasimama pale pale, na mabaharia wanaendelea na safari bila chombo. Mtu wa pwani ya kwetu ana faida hapa kama ataitumia: kaulize maji ya siku hiyo yakoje, yanajaa saa ngapi, ni bamvua au ni maji mafu, kabla ya kuuliza upepo. Wazungu wengi wa bara huja na programu za simu za upepo tu. Unawaona baadaye, wamesimama katikati ya bahari, maji ya vifundoni, wanasukuma.

Mbele ya bandari ya Oudeschild mtapita palipokuwa maegesho ya meli za Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, VOC. Karne ya 17 na 18 meli hizo zilitia nanga hapa zikingoja upepo mzuri wa kwenda Asia, na kungoja huko kuliweza kuchukua majuma. Walijaza mapipa maji ya visima vya kisiwani, yenye chuma kingi, yaliyosifika kwamba hayaharibiki upesi safarini, na mapato yake yalikwenda kwenye nyumba ya mayatima ya mji wa Den Burg kisiwani hapo. Fikiri tu: wanaume wazima majuma kwa majuma hawaendi popote, na hakuna aliyewapigia hesabu ya namba 120. Chini ya maji hayo zimelala meli nyingi. Kutoka mojawapo wapiga mbizi walitoa mwaka 2014 gauni la hariri la karne ya 17, ambalo limeonyeshwa katika makumbusho ya Kaap Skil hapo Oudeschild, na baada ya miaka zaidi ya 300 mchangani lina hali nzuri kuliko jaketi lako.

Kisha Marsdiep. Mkondo ukiwa nyuma yenu mtajiona mabingwa. Ukiwa usoni na upepo umelegea, mtaona jambo la ajabu: maji yanakimbia ubavuni, tanga limejaa, omo linakata povu, na nyumba za Den Helder zinarudi mbele yenu polepole. Mnasafiri vizuri kabisa kuelekea nyuma. Pitieni ukingoni, pasipo na kina, ambako mkondo hupungua nguvu. Katikati ni kwa wenye injini. Tukitaja injini: kivuko cha TESO kinachounganisha Den Helder na kisiwa hupita hapa siku nzima, na kile kinachoitwa Texelstroom kina urefu wa mita 135. Utakuwa umesoma mahali kwamba chombo cha tanga hupishwa na cha injini. Ikumbuke kanuni hiyo kwa heshima, na ukipishe kivuko. Hapa mambo yasiyo ya kawaida yamekwishatokea: Januari 1795 meli za kivita za Uholanzi zilizoganda kwenye barafu karibu na Den Helder zilijikuta mikononi mwa askari wa farasi wa Ufaransa. Mtu akikucheka jioni kwa sababu ulipitwa hapo na baba na binti yake mwenye Hobie ya zamani, mwambie wapo waliopitwa na farasi.

Ukitoka mlangoni unakutana na Noorderhaaks, fungu kubwa la mchanga lenye sili waliolala, wanene, wasio na haraka. Kulizunguka kwa nje ni mbali. Kupita ndani ni kucheza kamari. Atakayekwambia anajua njia ya ndani, muulize kwanza mapezi yake aliyanunua lini. Halafu kinabaki kile kipande cha mwisho cha kupanda kaskazini kurudi Paal 17, ambacho upepo ukipenda ni cha kubisha mwanzo mpaka mwisho, goshi hili na goshi lile, kilomita moja ya ufuko mkiinunua kwa tatu za baharini. Mikono imeshakufa ganzi. Mtani haongei tena, na mtani asiyeongea ni dalili mbaya, mchokoze. Kama mmekwenda wastani wa maili 10 za baharini kwa saa, safari yote ni saa tano na nusu hivi. Kama mmekwenda kama watu ninaowajua, msiangalie saa.

Ukifika, kokota chombo mpaka juu mbali na maji, simama wima, usikae chini mbele za watu. Sasa ndiyo kazi uliyoijia. Kisingizio cha heshima kuliko vyote ni maji: "Tulikosa maji pale kaskazini." Kinaonyesha ulikuwa na mpango, na kwamba ni mwezi uliokuangusha. Cha pili ni mwani ulionasa kwenye usukani, kwa sababu hakuna mtu atakayekwenda kuuhakiki. Upepo kugeuka baada ya wakubwa kupita kinakubalika, lakini kila meza ina mtu aliyekitumia, wahi. Mtani usimlaumu mbele za watu. Akikujibu hutakuwa na la kusema. Na chombo usikilaumu kamwe ikiwa namba yake ni kubwa, maana umekwishalipwa kwa ubovu wake kwenye hesabu, na wasikilizaji wa Texel hesabu hiyo wanaijua toka utotoni.

Kisha panga foleni ya kivuko. Nauli ya TESO hulipwa Den Helder, ya kwenda na kurudi kwa pamoja, kwa hiyo upande huu hakuna wa kukukatia tiketi wala kukuuliza ulikuwa wa ngapi. Kampuni hiyo wanaisimamia wenyeji wenyewe kwa hisa tangu mwaka 1907, na abiria aliyevunja mlingoti wanamvusha sawa na mwenye kikombe. Foleni ya magari yenye matrela huwa ndefu, lakini hiyo si hasara. Angalia nani mbele yako amefunga chombo kilichoumia kuliko chako, zima gari, shuka, mwombe akusimulie yeye kwanza.